Beni na Kanivali: Asili na Mchanganyiko wa Tamaduni

Wako wanaoshikilia kwamba ngoma ya beni ilikuwa kasumba tupu: Waafrika walivaa kofia za maofisa, wakapiga matarumbeta, wakaitana kingi na kapteni ili wafanane na watawala wao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo ni ya haraka, na kwamba lugha yenyewe inatoa ushahidi wa kuipinga.

Ni vyema kwanza kulitazama neno kanivali. Kwa kawaida asili yake hurejeshwa kwenye Kiitalia na Kilatini cha zama za kati, kwa maana ya kuondoa nyama, kwani sherehe hiyo iliitangulia Kwaresima. Mswahili analielewa jambo hili bila ya kufafanuliwa sana. Naye huvunja jungu mwishoni mwa Shaabani kabla ya kuukabili mwezi wa Ramadhani. Kisiwani Trinidad, kanivali ilistawishwa na wenye mashamba Wafaransa waliohamia huko baada ya 1783. Watumwa walipokombolewa, kati ya 1834 na 1838, waliishika sherehe hiyo wakaitia midundo na kejeli zao. Walipobanwa wasipige ngoma za ngozi, walitumia mianzi, na katika karne ya 20 wakabuni ala za mapipa ya chuma. Hapana anayedai leo kwamba kanivali ya Trinidad ni mali ya Wafaransa.

Beni nayo ilizuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, kama alivyoeleza Terence Ranger katika kitabu chake cha 1975. Jina lake latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Lakini kabla ya tarumbeta la kwanza kulia, mitaa ya pwani ilikuwa ikishindana kwa ngoma, mavazi na karamu; mathalani, Mkomani na Langoni huko Lamu. Beni iliingia katika ushindani huo, haikuuanzisha. Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza bara kupitia askari na wapagazi, wale ambao kikosi chao kimeacha jina katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Huko Malawi ilizaa mganda na malipenga. Malipenga ikapigwa kwa vibuyu mahali pa matarumbeta.

Sasa na yatazamwe maneno. Yaliyokopwa, kama vile beni, marini, kingi na kapteni, yanataja ala, vyama na vyeo. Yanayotaja kiini cha shughuli, yaani ngoma, chama, mashindano na fumbo, ni ya Kibantu. Hali ni ile ile ya neno kitabu: limetoka katika Kiarabu, lakini msemaji alipoisikia ki- ya mwanzo aliiona kuwa kiambishi chake mwenyewe, akasema vitabu. Neno ni la kukopwa. Sarufi ni ya mwenyeji.

Hapana shaka kwamba nguvu za mtawala zilikuwa za kweli, na kofia ya ofisa ilivaliwa kwa kuwa ilikuwa na heshima yake. Hata hivyo, kuiga si kumezwa. Anayeihukumu beni kwa kofia zake hana budi kukihukumu Kiswahili kwa mikopo yake. Na mwalimu wa Kiswahili akikubali hukumu hiyo, atakuwa ameikana lugha anayoifundisha.