Mafunzo ya Kuokoa Mito Yaanzie Dukani

Mwaka 2022, watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha York cha Uingereza walitangaza matokeo ya kupima maji katika vituo 1,052 kwenye mito 258 ya nchi 104, wakitafuta aina 61 za dawa. Iliyoongoza kwa uchafu haikuwa mito ya mataifa tajiri yenye dawa tele. Ilikuwa ya Lahore nchini Pakistan, La Paz nchini Bolivia, na Addis Ababa. Mto Nairobi nao umepimwa na wataalamu zaidi ya mara moja, na ndani yake zimekutwa parasetamoli, sulfamethoksazoli iliyomo kwenye Septrin, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kama nevirapini. Watu wakiuliza wafanye nini, jibu jepesi huwa ni bango: usitupe dawa chooni. Bango linasema kweli, lakini linagusa sehemu ndogo ya tatizo. Mafunzo yenye kuleta nafuu ni yale yatakayomfikia anayeandika dawa na anayeiuza, kabla kidonge hakijavuka kaunta.

Sababu iko ndani ya miili yetu. Zaidi ya nusu ya dozi ya amoksilini hutoka na mkojo saa chache baada ya kumezwa, ikiwa bado na uwezo wa kuua bakteria. Metformini ya wagonjwa wa kisukari haivunjwi na ini. Figo huitoa jinsi ilivyoingia. Karbamazepini ya kifafa huvunjwa kwa sehemu kubwa, ila masalia yake hudumu majini na mitambo ya kawaida ya majitaka haiyawezi. Mabwawa ya majitaka tuliyonayo, kama yale ya Vingunguti jijini Dar es Salaam, yamekusudiwa kupunguza kinyesi na vimelea, si kunasa kemikali za dawa. Tena nyumba nyingi za jiji hilo hazina hata bomba la kufika bwawani: choo cha shimo na kisima huweza kuwa katika kiwanja kimoja, na mchanga wa pwani hauzuii mengi. Mtu anaweza kulitii bango maisha yake yote, asitupe hata kidonge kimoja, na bado dawa zake zikayafikia maji.

Wapo wanaosema kiasi hicho ni kidogo mno, kwamba ungekunywa maji ya mto miaka mingi kabla ya kufikisha kidonge kimoja cha parasetamoli. Kwa binadamu hoja hiyo ina uzito. Samaki, lakini, hanywi glasi mbili akaondoka, anaishi humo. Kati ya 2001 na 2003, watafiti wa Kanada waliweka homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo la majaribio huko Ontario, kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, yaani sehemu chache za bilioni ya gramu. Samaki madume walianza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ilikaribia kutoweka ziwani. Kwa upande wa antibayotiki, kiasi kisichotosha kuua bakteria kinaweza kuwapa nafasi wale sugu wazaliane kuliko wenzao, na hao hawabaki mtoni.

Je, mgonjwa aache dawa ili mto upone? Hasha. Mwenye VVU, kisukari au kifafa ameze dozi yake bila kusita, na asiachiwe hatia yoyote. Kinachopaswa kupungua ni dawa isiyomtibu mtu: antibayotiki ya mafua, ambayo virusi haviijali, oksitetrasaiklini inayomwagwa kwenye maji ya kuku wazima, shehena inayoagizwa kupita mahitaji hadi ikaisha muda ghalani. Hata jeli ya diklofenaki ya kuchua magoti ina somo lake, maana ngozi hufyonza asilimia chache tu na nyingine huishia kwenye maji ya kunawa. Kufuta mikono kwa karatasi kabla ya kunawa ni ushauri wa nusu dakika, lakini lazima awepo wa kuutoa. Tanzania inajua kufundisha wauza dawa. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ulichukua wauzaji wa vijijini wasio wafamasia, ukawafundisha na kuwakagua. Somo la maji linaweza kuingia katika mtaala wa aina hiyo, pamoja na boksi la kurudishia dawa zilizobaki.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba tunamtwisha mwananchi mzigo wa viwanda na serikali. Ni kweli kwamba mwaka 2007 wanasayansi walieleza jinsi majitaka ya viwanda vya dawa karibu na Hyderabad, India, yalivyokuwa na siprofloksasini nyingi kuliko inayopatikana katika damu ya mgonjwa anayetibiwa. Hapo dawa yake ni sheria, na wakaguzi waliofundishwa kupima kemikali hizo. Uswisi nayo imeamua kuongeza ozoni na kaboni amilifu kwenye mitambo yake, na wananchi wanachangia gharama. Tuidai mitambo hiyo, na tuidai kwa sauti. Ila mtambo husafisha majitaka yanayoufikia kwa bomba, na kaya inayotumia shimo leo haitasubiri bomba ndipo iugue.