Kijiko Kimoja au Viwili?

Juzi sijashuka hata kwenye bodaboda hapa Elerai, Arusha, kijana mmoja akanidaka. "Shikamoo mwalimu. Ile bia yangu ya ndizi, kila chupa niweke sukari kijiko kimoja au viwili?" Nikamuuliza: imeacha kuchacha lini? Akanitazama kama niliyemuuliza jina la ng'ombe wa babu yake.

Swali hilo la vijiko nimelijibu kwenye harusi, kwenye foleni ya benki, na mara moja msibani. Leo nalijibu kwa maandishi ili nipumzike.

Kwanza, kijiko kipi? Cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi za sukari. Kikirundikwa, 6 au 7. Cha kulia wali kinafika 13. Anayekwambia "kijiko kimoja" hajakwambia kitu, na wewe uliyeitikia hukusikia kitu. Chukua hicho cha wali, kimwage kwenye chupa ya nusu lita, ziba. Chachu itaila sukari yote, na karibu nusu ya uzito wake itageuka gesi: zaidi ya gramu 13 kwa kila lita. Bia ya dukani ina gramu 5 hivi. Mvinyo wa Champagne wenyewe una takribani 12, na chupa yake ya kioo kinene ina uzito wa zaidi ya gramu 800 ikiwa tupu. Wewe umeweka zaidi ya hiyo kwenye chupa uliyookota nyuma ya baa. Halafu ikipasuka usiku mnasema ni joto. Joto huongeza msukumo, kweli, lakini gesi ya kusukuma uliiweka wewe kwa mkono wako.

"Lakini sukari inaiongezea ukali." Haiongezi. Kijiko cha chai kwenye nusu lita kinaleta kilevi cha nusu ya asilimia moja. Hakuna mlevi Arusha nzima atakayeitambua tofauti hiyo. Povu si ukali. Soda ina povu jingi na watoto wanakunywa.

Sasa nirudi kwenye swali nililomuuliza kijana, maana ndilo swali lenyewe. Sukari ya kwenye chupa ni nyongeza ndogo juu ya pombe iliyokwisha kuchacha. Kama haijaisha, nyongeza hiyo unaipachika juu ya hesabu usiyoijua. Nunua haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Ikisoma 1.014 leo na pombe ingeshuka hadi 1.010, hizo nukta nne ni sawa na gramu 8 hivi za sukari katika kila lita, ambazo bado zinangoja kuliwa. Ni zaidi ya sukari yote nitakayokuelekeza hapa chini.

Na huku kwetu kuna mtego mwingine. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Mlima Meru hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na ndoo iliyoachwa stoo hunyamaza kabisa. Hakuna viputo, hakuna povu. Mtu anasema imeiva, anaziba chupa, anazipanga chini ya kitanda. Chachu ilikuwa imelala tu. Oktoba ikifika na joto lake, inaamka na kuendelea pale ilipoachia. Nimewahi kufagia vioo vya namna hiyo jikoni kwangu mwenyewe, na nilikuwa tayari nafundisha kazi hii, kwa hiyo sikuchekeni.

Mbege, wala msiniulize. Ina ndizi, ina uji wa kimea cha ulezi, ina wanga, ina bakteria na chachu za kila aina, na yote hayo hai. Magome ya msesewe huipa uchungu, hayaizimi. Mama anayeileta kwa dumu huacha kifuniko kimelegea, na anajua kwa nini. Mbege inywewe siku yake. Anayeizibia kwenye chupa ya kioo anatengeneza bomu lenye ladha nzuri.

Haya, kwa wenye pombe iliyochujwa na haraka zao. Pima mara mbili, siku tatu kati yake, mahali penye joto la kawaida la nyumba; vipimo vikilingana, endelea. Kwa lita 20 chukua gramu 120 za sukari, kwa mizani. Ichemshe na vikombe viwili vya maji, ipoe, imwage kwenye ndoo safi, kisha hamishia pombe humo kwa mpira, taratibu, bila kurusharusha, na koroga polepole. Ndoo moja, kipimo kimoja. Vijiko rudisha kwenye chai. Chupa ziwe za kahawia za bia, za kizibo cha bati, zisizo na ufa, zilizooshwa na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Chupa ya Konyagi haikuumbwa kubeba gesi. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Kreti ifunikwe, wiki mbili; Julai, wiki tatu. Ukitaka kuuza, hiyo ni habari ya leseni, si yangu.

Na chupa moja iwe ya plastiki, ya soda, iliyojazwa siku hiyo hiyo. Ibonyeze kila asubuhi. Ikiwa ngumu kama jiwe siku ya tatu, usiite majirani waje kuiona: tupia blanketi zito juu ya kreti, ondoa watoto, vaa miwani na glovu, na kama kuna friji peleka kreti nzima humo ikiwa imefunikwa hivyo hivyo. Zikishapoa kabisa, fungua moja moja, uso ukiwa mbali.