Uanachama wa Kulipia na Nasaba za Ireland: Kinachonunuliwa na Kisichoweza Kununuliwa

1. Utangulizi

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea nasaba inayosimuliwa kwa kinywa: mzee huhesabu mababu zake, na mtafiti hulinganisha maneno hayo na ya mzee mwingine. Katika Ireland hali ni tofauti. Huko nasaba ya mtu wa kawaida hutafutwa katika madaftari ya parokia, vitabu vya serikali na orodha za kodi, na sehemu kubwa ya hati hizo sasa huonekana kwenye intaneti. Baadhi hutolewa bure. Nyingine zimo mikononi mwa makampuni yanayotaka mtu alipe uanachama wa mwezi au wa mwaka, yaani abonema.

Nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu. Roger Casement, konsuli wa Uingereza ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilifichua mateso ya wachuma mpira katika Dola Huru ya Kongo, alizaliwa Ireland. Mwanafunzi wa historia yetu anaweza siku moja kutaka kujua ukoo wa mtu kama huyo, na swali litakalomkabili ni hili: nikilipa ada, nitafunguliwa nini? Makala haya yanakusudia kulijibu. Tutaonyesha kwamba ada hununua njia ya kuzifikia hati na urahisi wa kuzitafuta. Hainunui hati ambazo zimetoweka, wala haithibitishi kwamba jina lililopatikana ni la mtu anayetafutwa.

2. Faharasa, unukuzi na picha

Kabla ya kulipa, inafaa kutofautisha vitu vitatu ambavyo matangazo huvichanganya. Cha kwanza ni faharasa, yaani orodha ya majina inayomwelekeza msomaji mahali hati ilipo bila kumwonyesha hati yenyewe. Cha pili ni unukuzi: mtu amesoma hati ya zamani na kuyaandika upya maneno yake. Cha tatu ni picha ya ukurasa wenyewe, pamoja na wino wake na makosa yake.

Tofauti hiyo ina uzito katika Ireland. Mapadre wengi wa Kikatoliki waliandika ubatizo kwa Kilatini, hivyo James huonekana kama Jacobus na John kama Joannes. Majina ya ukoo nayo yalibadilika: viambishi O na Mac viliachwa na wengi wakati wa utawala wa Kiingereza, kisha vikarudishwa na baadhi yao baadaye. Kwa sababu hiyo Sullivan na O'Sullivan huweza kuwa ndugu wa baba mmoja. Mnukuzi akikosea herufi moja, mtafutaji anaweza kudhani kuwa babu yake hakuwahi kuandikwa, hali ya kuwa yumo. Picha peke yake ndiyo inayomruhusu msomaji kuhukumu mwenyewe.

3. Kilichotoweka

Hakuna ada inayorudisha kilichoungua. Tarehe 30 Juni 1922, katika mapigano ya mwanzo wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, jengo la nyaraka za serikali katika Four Courts, Dublin, liliteketezwa kwa mlipuko na moto. Humo mlikuwa na hati za sensa za miaka 1821, 1831, 1841 na 1851, ambazo zilisalia vipande tu. Mlikuwa pia na wasia nyingi za asili na madaftari mengi ya Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana. Madaftari ya Kikatoliki yalinusurika kwa kuwa hayakupelekwa huko, yalibaki parokiani.

Hata hivyo, si kila kitu kiliharibiwa na moto huo. Hati za sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali baada ya hesabu kukamilika, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo sensa kamili za zamani zilizobaki ni mbili, ya 1901 na ya 1911. Mwaka 1921 sensa haikufanyika kwa sababu ya vita vya uhuru. Iliyofuata katika dola jipya ilifanywa tarehe 18 Aprili 1926, na kwa kuwa sheria hufunga hati za sensa kwa miaka 100, mwaka wa kufunguliwa kwake ni 2026.

Uandikishaji wa serikali nao ulichelewa. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kuandikwa mwaka 1845. Vizazi, vifo na ndoa zote zilianza kuandikwa tarehe 1 Januari 1864. Tukikumbuka kwamba katika Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wapatao milioni moja wakahama, tunaona ukubwa wa pengo. Wengi wa wahamaji hao waliondoka kabla serikali haijaanza kuandika vizazi vyao, na vizazi vyao vya leo vilivyoko Marekani, Kanada au Australia ndivyo vinavyonunua uanachama kwa wingi.

4. Kinachopatikana bila malipo

Jambo linalowashangaza wanaoanza ni kwamba hati zilizo muhimu kuliko zote hazilipiwi. Hazina ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland inatoa bure sensa za 1901 na 1911, pamoja na vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837, vinavyowataja wenye mashamba waliotozwa kwa ajili ya Kanisa la Kianglikana, wakiwemo Wakatoliki. Tovuti ya serikali iitwayo IrishGenealogy.ie inaonyesha vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75 na vifo vilivyopita miaka 50; aidha ina kumbukumbu za kanisa za sehemu kadhaa, kama vile mji wa Dublin na kaunti ya Kerry.

Maktaba ya Taifa mjini Dublin ilifungua mwezi Julai 2015 picha za madaftari ya Kikatoliki, mengi yakifika mwaka 1880 hivi. Picha hizo hazina faharasa ya majina. Anayezitumia sharti ajue parokia, kisha afunue ukurasa baada ya ukurasa. Uthamini wa Griffith, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, nao unasomwa bure. Unataja waliokuwa na nyumba au ardhi, lakini hautaji wake wala watoto wao. Mwaka 2022, kwa kuadhimisha miaka 100 ya ule moto, ilizinduliwa Virtual Record Treasury of Ireland, inayokusanya nakala zilizosalia kwingine za hati zilizoungua. Hiyo pia haitozi ada.

5. Kinacholipiwa

Je, makampuni yanauza nini basi? Kwanza, yanauza faharasa. Mwaka 2016 Ancestry ilitoa faharasa ya majina ya yale madaftari ya Kikatoliki, na kazi iliyohitaji majuma ikawa ya dakika chache. Pili, yanauza mikusanyo ambayo si rahisi kuipata kwingine. Findmypast, kwa mfano, ina hati za mahakama ndogo, za magereza na hata za leseni za mbwa, ambazo huweza kumtaja mkulima asiyeonekana penginepo. RootsIreland, inayoendeshwa na vituo vya kaunti, ina nukuu nyingi za ubatizo, ndoa na mazishi zilizofanywa na wenyeji wanaoyajua majina ya kwao. Lakini hizo ni nukuu, si picha. Tatu, yanauza uwezo wa kutafuta mara moja katika nchi nyingi.

Hapo ndipo ngazi za uanachama zinapohitaji kusomwa kwa makini. Katika Ancestry, mtu wa Marekani anayechukua ngazi iitwayo U.S. Discovery hupewa hati za Marekani. Anayetaka za nchi nyingine hupanda ngazi ya World Explorer. Anayelipia ya chini kwa kutarajia Ireland atakuwa ameweka fedha yake mahali pasipo na anachokitafuta. Kipimo cha vinasaba nacho hulipiwa kando. Tena, uanachama ni ruhusa ya muda: muda ukiisha, hati hufungwa, ingawa mti wa ukoo alioujenga mwanachama kwa kawaida hubaki. Kwa hiyo kila hati yenye maana ihifadhiwe nakala mapema, pamoja na jina la daftari lilikotoka. Ikumbukwe pia kwamba uanachama mwingi hujiendeleza wenyewe na kutoza upya mpaka mwenyewe ausimamishe.

Kwa upande wa Ireland ya Kaskazini, ofisi ya uandikishaji ya Belfast hutumia njia nyingine: haina uanachama, bali hutoza kwa kila hati inayotazamwa.

6. Mfano wa Casement

Tuyapime maelezo haya kwa maisha ya Casement. Alizaliwa Sandycove, karibu na Dublin, tarehe 1 Septemba 1864, miezi minane baada ya uandikishaji wa vizazi vyote kuanza. Kwa tarehe hiyo, mahali pa kuanzia ni vitabu vya serikali, na hivyo husomwa bure. Baba yake alikuwa Mprotestanti, lakini mama alimbatiza kwa siri katika Kanisa Katoliki mjini Rhyl, Wales. Hati ya ubatizo huo si ya Ireland, na uanachama uliofungwa ndani ya mipaka ya Ireland hautaifikia.

Baba alifariki Ballymena, kaunti ya Antrim, mwaka 1877, na kijana akalelewa na jamaa za baba karibu na Ballycastle. Leo Antrim imo katika Ireland ya Kaskazini. Lakini kwa kuwa kisiwa kizima kilikuwa chini ya utawala mmoja hadi 1921, vifo vya wakati huo hutafutwa katika tovuti ya bure ya Dublin na pia katika ile ya Belfast. Barua zake za kikonsuli ziko katika hazina ya nyaraka ya Uingereza, na karatasi zake nyingi ziko katika Maktaba ya Taifa ya Dublin. Maisha ya mtu mmoja yamegawanyika katika hazina kadhaa, wala hakuna ada moja inayozifungua zote.

7. Jina si mtu

Hatari kubwa zaidi haimo katika bei. Tarehe 1 Januari 1892 msichana wa Cork, Annie Moore, aliandikwa wa kwanza katika kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kwamba alihamia Texas na kufia huko, na wajukuu wa Annie Moore wa Texas walialikwa kwenye sherehe za kumkumbuka. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak alionyesha kwamba mwanamke wa Texas alizaliwa Illinois, kwa hiyo hakuwa mhamiaji hata kidogo. Annie wa Cork alibaki New York, akaolewa na Joseph Schayer, akafariki mwaka 1924. Hati zote zilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni kuzilinganisha.

8. Hitimisho

Anayetaka kulipa ajiulize kwanza: mtu wangu alikuwa wa kaunti gani, wa dini gani, na aliishi kabla au baada ya 1864? Kisha amalize hati za bure. Pengo likibaki, atazame orodha ya mikusanyo ya kampuni kabla ya kutoa fedha, aone ni miaka ipi, parokia zipi, na kama atapewa faharasa, unukuzi au picha. Mwezi mmoja wa uanachama uliotanguliwa na maandalizi hayo huweza kuzaa zaidi ya mwaka mzima wa kubahatisha.

Nasaba ya karatasi, kama ile ya kinywa, hudai mashahidi wawili. Kampuni humleta shahidi mbele yetu kwa haraka. Kumhoji kumebaki kuwa kazi ya mtafiti.