Imani na Makao (Sehemu ya Pili): Mpangaji wa Nyamasaria na Kanisa Lake

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi boma la Mjaluo linavyoanzishwa: baba na jogoo, mwana wa kwanza na shoka, mke na moto, mzee wa ukoo akiwaonyesha mahali. Leo tumtazame aliye mbali na boma hilo.

Nyamasaria iko mashariki mwa Kisumu, kwenye barabara iendayo Ahero na Nairobi. Wengi hapa ni wapangaji. Mwalimu anapewa uhamisho, fundi wa mjengo anafuata kazi, kodi inapanda, au mvua ya masika inaufurisha mto Nyamasaria hadi maji yaingie vyumbani. Kuhama si jambo geni Kisumu. Mji wenyewe ulikuzwa na watu waliofuata kazi baada ya reli kufika ziwani Desemba 20, 1901.

Ukoo ulijua kumpokea mgeni. Aliitwa jadak: alipewa pa kulima na kujenga, lakini ardhi haikuwa yake, na wenyeji hawakusahau kwamba alikuja. Makanisa yaliyofuata reli yalileta utaratibu tofauti. Mwaka 1906 Waanglikana walianzisha kituo cha Maseno, na mwaka huohuo Arthur Carscallen akaanza kazi ya Waadventista Gendia, karibu na Kendu Bay. Aliyebatizwa Gendia hakuwa mgeni katika kanisa la Kisumu.

Mpaka leo Mwadventista akihama, katibu wa kanisa jipya huliandikia kanisa la zamani kuomba barua yake. Ombi husomwa mbele ya washiriki, kisha hupigiwa kura. Hadi apokewe rasmi, jina lake hubaki katika kitabu cha kule alikotoka. Kwa hiyo hakuna hata siku moja anayohesabika kuwa si wa popote.

Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937 ulilegeza zaidi mipaka. Waliookoka waliitana ndugu hata kama hawakuwa wa kabila moja, na msafiri aliweza kupata pa kulala katika mji asioujua kwa sababu ya ushuhuda wake tu. Lakini undugu huo nao ulikuwa na magomvi yake: mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake, waliojulikana kama JoHera, yaani watu wa upendo, walijitenga na Waanglikana.

Mtihani mkubwa zaidi ni kifo. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 20, 1986, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Alisema mumewe aliishi kama Mkristo wa kisasa, si kwa mila. Ukoo wa Umira Kager ulijibu kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, lakini kwao ni kwa baba zake. Mahakama ya Rufani iliukubali upande wa ukoo, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987.

Wengine husoma hukumu hiyo kama kushindwa kwa imani mbele ya mila. Mimi naona vingine. Mpangaji akifiwa Nyamasaria, wanaofika kwanza mara nyingi ni watu wa kanisa: huchanga, hutafuta gari, husafiri na maiti hadi boma la ukoo, tena huimba usiku kucha matangani. Boma lina kaburi. Kanisa lina watu walio karibu mtu angali hai, na ndio wanaomfikisha kaburini.

Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli wajenge, wapande bustani na kuuombea mji ule amani, ingawa hawakuwa wenyeji wake. Hakuwaambia waisahau Yerusalemu. Anayehamia Nyamasaria basi asikae nyuma kanisani akingoja kukaribishwa. Aombe zamu: ya kufagia, ya kwaya, ya kutembelea wagonjwa. Mwenye zamu asipoonekana, mtu humtafuta.

Juma lijalo: watoto waliozaliwa mjini, na swali la kwao ni wapi.