Kushindwa kwa Skripti za Ujenzi wa Programu katika Saraka ya Msimbo Chanzo Isiyoandikika

Skripti ya ujenzi ni mkusanyiko wa amri ambazo kompyuta huzifuata ili kugeuza msimbo chanzo kuwa programu inayotumika. Skripti nyingi huandikwa na kujaribiwa katika saraka ya mwandishi mwenyewe, ambamo ana idhini ya kusoma na kuandika. Kwa hiyo, mazao ya ujenzi huwekwa kando ya msimbo chanzo bila mtu kuhoji. Udhaifu wa mazoea hayo hujitokeza saraka inapokuwa ya kusomwa tu, kama ilivyo katika mfumo wa Nix, ambao huhifadhi msimbo chanzo chini ya /nix/store bila idhini ya kuandika.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, kosa hili huja kwa sura mbili. EACCES humaanisha kwamba mtumiaji amenyimwa idhini. EROFS humaanisha kwamba mfumo wa mafaili wenyewe umeunganishwa kwa hali ya kusomwa tu. Mtumiaji mkuu, yaani root, kwa kawaida hushinda kizuizi cha kwanza lakini si cha pili. Aidha, kubadili yaliyomo katika faili hutegemea idhini ya faili hilo, ilhali kuunda faili jipya hutegemea idhini ya saraka. Ndiyo maana amri ya sed -i, ambayo huunda faili la muda kisha kuliweka mahali pa lile la awali, hukwama katika saraka iliyofungwa hata kama faili linalohaririwa linaandikika.

Chanzo kigumu zaidi kutambulika ni mihuri ya saa. GNU Make huamua kitu cha kujenga upya kwa kulinganisha saa ambazo mafaili yalibadilishwa mara ya mwisho. Git haihifadhi saa hizo. Basi configure.ac ikitokea kuwa na muhuri mpya kuliko configure inayozalishwa kutokana nayo, kanuni za Automake hujaribu kuizalisha configure upya, tena ndani ya saraka ya chanzo. Mtumiaji ambaye hakugusa hata mstari mmoja hukuta ujenzi umekwama, na ujumbe wa kosa humweleza habari za idhini, si za saa.

Wengi hukimbilia chmod -R u+w. Tiba hiyo inafaa kwa nakala ya muda, hasa iliyonakiliwa kwa cp -r kutoka /nix/store, kwa kuwa nakala hurithi ufinyu wa idhini za asili. Ikitumiwa kwenye chanzo chenyewe, huficha kasoro: ujenzi ukiisha, msimbo uliomo sarakani huenda si ule uliotolewa, na ujenzi wa pili huanzia hali tofauti na ya kwanza.

Suluhisho la kudumu ni kutenganisha mahali pa kusoma na mahali pa kuandika. Automake hutoa vigeu srcdir na builddir kwa kazi hiyo. Cargo, chombo cha lugha ya Rust, huitaka skripti ya build.rs iandike katika OUT_DIR pekee. Ili kuthibitisha utengano huo, amri ya make distcheck hufungua kifurushi, huiondolea saraka ya chanzo idhini ya kuandika, kisha hujenga programu katika saraka nyingine. Jaribio hilo lafaa liendeshwe kwa akaunti ya kawaida, kwani kwa root skripti mbovu nayo hupita.