Kuchagua Barakoa ya Kwanza ya Mashine ya CPAP
Wagonjwa wengi wa kukatika pumzi usingizini huiacha tiba kwa sababu ya barakoa isiyowakaa vyema. Kwa hiyo tunakushauri uijaribu barakoa kabla ya kulipa, ukiwa umelala chali na kisha ubavu, mashine ikiwashwa kwa kiwango cha mgandamizo alichoandika daktari. Anayepumua kwa mdomo huhitaji barakoa inayofunika pua na mdomo. Anayepumua kwa pua aweza kutumia ya pua pekee. Hewa ikivuja kuelekea machoni, usizidi kukaza mikanda. Omba saizi nyingine. Aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aepuke barakoa yenye sumaku. Dai risiti, na umtake muuzaji aandike humo muda atakaokubali kuibadilisha.