Kura ya Katwa na Kiuno cha Motari

Tarehe 20 Novemba 2018, Ebola ikiitesa Kivu Kaskazini, Kongo, jaribio la dawa nne lilianza Beni, kisha likaenea hadi Butembo, Katwa na Mangina. Mgonjwa alipewa dawa kwa kura. Daktari hakuruhusiwa kumchagulia, hata kama mgonjwa ni shemeji yake. Ukilitazama juu juu utasema ni ukatili, ila ndiyo njia iliyoleta jibu. Kufikia Agosti 2019, wagonjwa 681 wakiwa wameshaingia, ilionekana wazi kwamba dawa mbili zinaokoa watu zaidi: waliopewa hizo walikufa kama 34 katika kila 100, na waliopewa zile nyingine walikufa karibu nusu. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, mwaka 1995.

Watu wa Beni na Butembo, basi, hawana haja ya kufundishwa maana ya kura ya kitabibu. Nimeitaja kwa sababu kura ya namna hiyohiyo imepigwa ng'ambo juu ya ugonjwa usioua ila unaomlaza mtu na kumnyima riziki: maumivu ya mgongo wa chini, yale tunayoyaita ya kiuno. Mwaka 2020 duniani kote walikadiriwa kuwa nayo watu milioni 619. Kwetu anayo motari, dereva wa pikipiki, anayepiga njia ya Butembo hadi Beni na abiria wawili nyuma, anayo kijana wa chukudu, kile kigari cha mbao, anayeteremsha magunia mlimani, anayo mama aliyefunga mzigo wa kuni kwa mkanda wa paji la uso, anayo mbeba magunia ya kakao. Na kila mmoja ameshaambiwa neno moja: lala upumzike.

Neno hilo lilipimwa Helsinki, Finland, na matokeo yakachapishwa 1995. Wafanyakazi 186 wa jiji waliobanwa na mgongo ghafla waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walalie kitanda siku mbili, wa pili wafanye mazoezi ya kukunja na kunyoosha mgongo, wa tatu waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyowaruhusu. Waliopona upesi ni hao wa tatu. Waliochelewa kuliko wote ni wale wa kitandani. Siku mbili tu! Kwetu mtu hulazwa wiki mbili, huku jirani wakimletea uji.

Kisha dawa. Mwaka 2014 watafiti wa Sydney, Australia, waliijaribu parasetamoli kwa watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya mgongo, na baadhi yao wakapewa vidonge vya bandia bila kujua. Waliomeza dawa kwa ratiba walipona kwa wastani wa siku 17. Wa vidonge vya bandia, siku 16. Mwaka 2023 zikapimwa dawa kali za jamii ya afyuni, nazo hazikushinda kitu. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza maumivu, lakini kidogo, na zikinywewa mfululizo huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Mtu anayenunua diklo kila Jumamosi ili aendeshe wiki nzima anajikopesha kwa riba mbaya.

Mshipi wa kiunoni je? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Mishipi, mashine za kuvuta uti wa mgongo na dawa za afyuni, shirika linasema visitumike kwa kawaida. Linachopendekeza ni kumweleza mgonjwa vizuri, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama kukandwa, msaada wa kisaikolojia na, ikibidi, dawa za jamii ya diklofenaki. Mganga wa kienyeji anayekanda mgongo bila kuuvunja yuko karibu na mwongozo huo kuliko duka linalouza mishipi.

Jambo linaloniudhi zaidi ni picha. Mtu hukusanya pesa, hupigwa radiografia, huambiwa diski zimelika au uti umechakaa, na tangu siku hiyo hutembea kama amebeba mayai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 kutoka tafiti 33. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na maumivu ya mgongo. Katika wenye miaka 20, asilimia 37 walikutwa na diski zilizochakaa. Katika wenye miaka 50, asilimia 80. Ni watu wasioumwa mgongo, na picha zao zingewatisha mchana kweupe. Picha inayoonyesha uchakavu, basi, haijasema kwa nini unaumwa. Kwa wagonjwa walio wengi hakuna kipande kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole, na daktari anayekiri hivyo mbele yako anakutendea haki.

Hofu yenyewe ina uzito. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mtu anayeogopa kuinama, asiyelala usingizi, mwenye majonzi, ndiye ambaye maumivu yake huelekea kuwa sugu. Hiyo haina maana kwamba anajifanya. Mishipa ya fahamu ya mtu aliye katika tahadhari hupiga kelele kwa kitu kidogo. Wilayani Beni watu wamekuwa wakiuawa vijijini tangu 2014, familia zimekimbia, usiku hauna uhakika. Kuutibu mgongo wa mtu anayeishi hivyo kwa sindano peke yake ni kazi ya nusu.

Kinachofaa ni nini? Kupona kwanza huja kwenyewe: wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita. Tatizo ni kurudi. Karibu watu 7 kati ya 10 hushikwa tena ndani ya mwaka mmoja. Hapo ndipo utafiti wa Australia uliochapishwa 2024 unapotufaa. Watu 701 waliopona karibuni waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa mpango wa kutembea kwa miguu na maelezo ya mtaalamu, wakiongeza polepole hadi dakika 30, siku tano kwa wiki. Nusu wakaachwa hivihivi. Walioachwa walikaa siku 112 kwa wastani kabla ya kushikwa tena. Waliotembea, siku 208. Kutembea hakuuzwi famasini, na hii ndiyo sababu hutasikia tangazo lake redioni.

Mama abebaye kuni anatembea tayari, utaniambia. Ni kweli, na yeye hahitaji kuongezewa kilomita. Anahitaji mzigo upunguzwe mgongo ukiwaka, na urudishwe taratibu. Motari ndiye anayekaa tangu alfajiri akitikiswa na mashimo. Huyo ashuke, atembee, apumzike kukaa. Kila mmoja wao huuliza: niache kazi? Jibu ni moja kwao wote: punguza, usiache.

Lakini kuna mgongo usio wa kawaida, na huo hausubiri. Ukishindwa ghafla kuzuia mkojo au choo, ukikosa hisia kati ya mapaja, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukianguka vibaya kutoka kwenye pikipiki. Na ikiwa maumivu yanazidi usiku, una homa, unakonda, unatoka jasho, au kibyongo kinaanza kujitokeza, mwambie daktari akupime kifua kikuu. Huweza kuingia kwenye uti wa mgongo bila kikohozi, na kikiachwa huweza kupoozesha; kupooza huko kulielezwa na daktari wa upasuaji Percivall Pott wa London mwaka 1779. Hutibiwa kwa vidonge, miezi sita au zaidi, na nchini Kongo vidonge hivyo hutolewa bure.